Kutaka, Taka, na Mungu Aliye Mtakatifu

Kuna neno ambalo sisi watu wa visiwani tunalikimbilia kila tunapokosa, nalo ni nilipitiwa. Mtu amekula amana ya mwenzake, au amebomoa nyumba ya ndugu yake kwa ulimi, na siku anapowekwa kitako barazani mbele ya wazee, huinamisha kichwa na kusema kwamba alipitiwa. Akibanwa zaidi, husema alipitiwa na shetani. Wazee huguna, aliyekosewa huombwa avumilie, kahawa hunywewa, na shauri huishia hapo. Nimelisikia neno hili likisemwa na Waislamu na likisemwa na sisi Wakristo tulio wachache hapa, na ingawa dini zote mbili zinafundisha kwamba kila nafsi itaulizwa kwa matendo yake, neno lenyewe limebaki kuwa kichaka chetu sote. Mimi nililitamka kwa mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka 13, huko Chake Chake, na jibu nililopewa siku ile ndilo lililonifanya, miaka mingi baadaye, nianze kusoma kwa bidii mambo ambayo Wakristo wamefundisha kuhusu utashi wa mwanadamu, dhambi, na utakatifu wa Mungu.

Baba yangu alikuwa mwalimu aliyehamia Pemba kutoka bara, nasi tulipanga nyumba jirani na bibi mmoja mwenye shamba la mikarafuu. Msimu ulipofika, ua wake ulitandikwa majamvi kutoka ukuta hadi ukuta, na karafuu zilianikwa tangu asubuhi, zikigeuka rangi siku hadi siku kutoka ukijani uliochanganyika na wekundu hadi hudhurungi iliyokoza, mpaka zikawa ukizikunja kwa vidole zinakatika kwa mlio mdogo, na hapo ndipo husemwa kwamba zimekauka. Harufu yake iliingia hata katika mito yetu ya kulalia. Kijana mmoja wa Unguja, mwenye umri wa miaka 17 hivi, aliyekuja kuchuma kwa msimu ule, ndiye aliyepewa kazi ya kuzilinda, kuzipindua, na kuzifunika mvua inapotishia. Alasiri moja, alipokwenda kuswali, nilichota pishi moja ya karafuu kavu, nikaiuza kwa mtu aliyekuwa akinunua kwa siri, na fedha ile nikanunulia halua. Sikuwa na njaa. Nyumbani chakula kilikuwapo, na halua yenyewe nilikula nusu, ikanikinai, nikaitupa iliyobaki majanini. Kilichonivuta hakikuwa utamu wa halua; ulikuwa utamu wa kujua kwamba ninaweza.

Karafuu zilipopimwa zilipungua, na kijana akakatwa katika ujira wake. Msimu ulipokwisha akavuka kurudi kwao. Ilipita kama mwezi mmoja kabla sijamweleza mama, ambaye siku hiyo alikuwa amekaa uani akichambua mchele katika ungo. Nilimwambia, "Mama, nilipitiwa." Hakuinua macho yake kwenye mchele. "Ulipitiwa na nani, mwanangu? Na huyo alipokupita, mkono ulioshika kikapu ulikuwa wa nani?"

Alinipeleka kwa jirani yetu, nikaungama. Bibi wa watu alinitazama kwa huruma, akasema ni utoto tu na kwamba Mungu ameshasamehe, akanipa embe. Lakini kijana yule alikuwa ng'ambo ya mkondo, wala hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Swali la mama ni kongwe kuliko yeye, kuliko Pemba, kuliko Kanisa. Imani ya Kikristo inashikilia kwamba Mungu ni mtakatifu na hana fungu lolote katika uovu; inashikilia kwamba hakuna kinachotokea nje ya utawala wake; na inashikilia kwamba mtu anapotenda dhambi, mtendaji ni yeye mwenyewe na si mwingine. Kila neno katika haya matatu, ukilichukua peke yake, halimsumbui mtu. Ukiyaweka pamoja katika kikapu kimoja, yanaanza kusukumana, na karibu makosa yote makubwa ambayo Kanisa limelazimika kuyajibu juu ya jambo hili yametokana na mtu aliyechoshwa na msukumano huo akaamua kulitoa mojawapo.

Kabla ya kuwafikia watu hao, nataka kusimama kidogo kwenye lugha yetu wenyewe. Fungua kamusi ya Kiswahili na utakuta kutaka, taka, na kutakata vimekaa karibu karibu kama watoto wa nyumba moja. Sidai kwamba vimetoka katika shina moja; hilo ni la wanaisimu kuamua. Nasema tu kwamba mtu anayeishi ndani ya Kiswahili husikia maneno haya yakiitikiana. Biblia yetu inapomweleza Mungu haitumii neno la kigeni: inamwita Mtakatifu, yaani aliyetakata. Walimu wa dini walipohitaji jina la ule uwezo wa mtu kuamua, wengi walisema utashi, ambalo limetoka katika kutaka. Basi swali lote la makala hii linaweza kusemwa kwa maneno ya jikoni na uani: kutaka kwetu kumeingia taka, na ni Mungu peke yake ambaye kutaka kwake kumetakata.

Wengi wetu tunaufikiria utakatifu kama weupe wa kanzu ya Ijumaa au gauni la Jumapili, kitu safi kinachojihadhari na vumbi na kinachoharibika kikiguswa. Nabii Isaya hakuuona hivyo. Katika sura ya 6 anawasikia malaika waitwao maserafi wakiitana, "Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu, ni Bwana wa majeshi," na jambo la kwanza linalomtoka si sifa bali ni kilio: "Ole wangu! kwa maana nimepotea. Kwa sababu mimi ni mtu mwenye midomo michafu." Hasemi kwamba alipitiwa. Mbele ya utakatifu, neno letu la barazani halina mahali pa kusimama. Kisha serafi mmoja anachukua kaa la moto juu ya madhabahu na kuigusa midomo yake, na uovu wake unaondolewa. Kanzu nyeupe huogopa vumbi, lakini moto hauogopi. Nilipoielewa sehemu hiyo niliacha kumfikiria Mungu kama mtu msafi anayenikwepa nisimchafue, nikaanza kumwogopa kwa namna nyingine, namna ambayo mtu huogopa kitu kinachokuja kumponya kwa kumchoma.

Hapo huja swali ambalo vijana wa kipaimara huliuliza kila mwaka, na ambalo halistahili kupuuzwa: ikiwa Mungu hawezi kutenda dhambi, je, si kwamba sisi tuna uhuru kuliko yeye? Jibu ninalolipenda ni la Anselm, aliyekuwa askofu mkuu wa Canterbury hadi alipofariki mwaka 1109. Yeye alisema kwamba uwezo wa kutenda dhambi si sehemu ya uhuru hata kidogo, bali uhuru ni uwezo wa kuushika unyofu kwa ajili ya unyofu wenyewe. Watu wa pwani hatuhitaji falsafa nyingi kumfahamu. Nahodha anayevusha chombo kutoka Unguja kwenda Pemba anaweza kukipandisha mwambani, lakini hakuna anayeuhesabu uwezo huo kuwa sehemu ya unahodha wake. Kadiri anavyoujua mkondo, ndivyo mwamba unavyozidi kuwa mbali na chombo chake, na hakuna abiria anayemwonea huruma kwa kukosa uhuru wa kuzama. Mungu hatendi dhambi kwa sababu hakuna kitu chochote ndani yake kinachomvuta nje ya nafsi yake. Yeye ndiye aliye huru kuliko wote, na uhuru wake na utakatifu wake ni kitu kimoja.

Mfano huo ukikubalika, basi swali la nani aliyeumba dhambi linaanza kupata mwanga, ingawa halimaliziki. Mungu aliumba kutaka, hakuumba taka. Augustino alifundisha kwamba uovu si kitu chenye uhai wake chenyewe, bali ni upungufu wa wema pale ambapo wema ulipaswa kuwapo, kama kutu katika chuma au ugonjwa katika mwili. Waraka wa Yakobo unasema waziwazi: "Mtu ajaribiwapo, asiseme, Ninajaribiwa na Mungu, maana Mungu hawezi kujaribiwa na maovu, wala yeye mwenyewe hamjaribu mtu." Hata habari ya Farao, ambayo huletwa kila mara katika mijadala hii, haisemi kile ambacho watu hudhani inasema. Ukisoma kitabu cha Kutoka kwa utaratibu utaona kwamba katika sura ya 8 ni Farao mwenyewe anayeufanya moyo wake kuwa mzito, tena zaidi ya mara moja, kabla ya sura ya 9 kusema kwamba Bwana aliufanya moyo wake kuwa mgumu. Najua kwamba Mungu alikuwa ameshatangaza mapema kuwa ataufanya mgumu, wala sitaki kulificha hilo. Lakini utaratibu wa masimulizi unanionyesha mtu anayekabidhiwa, mwishowe, kile alichokuwa akikitaka tangu mwanzo.

Sasa nije kwa mtu aliyenikamata shingo. Augustino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, mahali palipo leo ndani ya nchi ya Algeria, na katika maungamo yake anasimulia jinsi alivyoiba mapeasi akiwa na umri wa miaka 16, yeye na wenzake, usiku, katika mti wa jirani. Nyumbani kwao kulikuwa na mapeasi mazuri zaidi. Waliyoyaiba walionja machache wakawatupia nguruwe yaliyobaki, na anakiri kwamba alichokipenda kilikuwa kosa lenyewe. Nilikuwa nimeshapita umri wa miaka 30 nilipoisoma habari hiyo, nikiwa chumbani Vuga jioni ya mvua, na nililazimika kukifunga kitabu kwa sababu niliiona halua yangu ikiwa majanini. Mwafrika huyu wa karne ya nne alikuwa amenitangulia uani kwa Bibi.

Aliyebishana naye ni Pelagius, mtawa aliyetoka Uingereza na kuishi Rumi, na ninaomba msomaji asimhukumu haraka. Pelagius aliwakuta Rumi Wakristo waliokuwa wakiishi ovyo na kujitetea kwa udhaifu wa kibinadamu, yaani waliokuwa wakisema nilipitiwa kwa Kilatini, na alichukizwa. Augustino mwenyewe anaeleza kwamba Pelagius hakuweza kuivumilia sala yake isemayo, "Toa unachoamuru, na uamuru utakacho." Kwa Pelagius, ikiwa Mungu mtakatifu ameamuru, basi uwezo wa kutii tunao tayari, na kinachokosekana ni kuamua tu. Katika hasira yake naisikia sauti ya mama yangu na ungo wake. Hata hivyo alikosea, tena alikosea mahali pa hatari, kwa sababu alidhani utashi wetu umekaa katikati kama mizani mitupu, ukiwa tayari kuelemea upande wowote tutakaoamua. Mimi sijapata kuwa mizani ya namna hiyo, na sijakutana na mtu aliye hivyo. Mtume Paulo anasema, "Kwa maana lile jema nilipendalo, silitendi, bali lile baya nisilolipenda ndilo nilitendalo," na hayo ni maneno ya mtu aliyejaribu kuamua akashindwa, si ya mtu asiyejaribu. Mtaguso wa Karthago, yaani mkutano wa maaskofu, wa mwaka 418 uliyakataa mafundisho ya Pelagius. Mtaguso wa Orange wa mwaka 529 ulithibitisha kwamba hata mwanzo wa imani ni neema, na papo hapo ukalaani fundisho lolote linalosema kwamba kuna watu waliopangiwa na Mungu kutenda uovu. Sehemu hiyo ya pili husahauliwa sana, nami naiona kuwa na uzito uleule wa ile ya kwanza, kwa maana bila hiyo tunailinda neema kwa kuutoa sadaka utakatifu.

Mabishano ya baadaye nitayapita kwa haraka: Erasmus na Luther walioandikiana kwa ukali kuhusu utashi mwaka 1524 na 1525, Mtaguso wa Trento uliosema mwaka 1547 kwamba utashi huru umedhoofishwa lakini haukuzimwa, sinodi ya Dort ya 1618 na 1619 iliyowakataa wafuasi wa Arminius, waliosema kwamba mtu anaweza kuikataa neema, na John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, aliyefundisha kwamba neema humtangulia kila mtu na kumrudishia uwezo wa kuitika. Makanisa ya Kiorthodoksi ya Mashariki yalikwenda njia yao, yakisema tumerithi kutoka kwa Adamu mauti na udhaifu, si hatia yake. Mimi ni Mwanglikana, na ibara ya kumi ya imani yetu inasema kwamba hatuna nguvu ya kutenda mema yanayompendeza Mungu pasipo neema ya Mungu kututangulia ili tuwe na nia njema, na kufanya kazi pamoja nasi tukiwa na nia hiyo. Hilo pamoja nasi ndilo nililolishika.

Sikulishika kwa kusoma peke yake. Ninasali katika Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, mjini Unguja, na mtu hawezi kusali pale kwa miaka mingi bila kuulizwa na sakafu. Kanisa limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwezi wa Juni mwaka 1873 baada ya Sultani Seyyid Barghash kutia saini mkataba kwa shinikizo la Waingereza. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi huo na kutafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja, amezikwa nyuma ya altare. Mbele ya altare kuna duara la marumaru sakafuni, na mapokeo yetu yanasema ndipo uliposimama mti waliofungwa watumwa na kuchapwa. Wageni huletwa na waongozaji wao, huoneshwa duara lile, na mara nyingi mmoja wao huuliza, kwa sauti ya chini, Mungu alikuwa wapi.

Mimi nimewahi kukaa pale peke yangu, mchana wa siku ya kazi, nikalitazama lile duara mpaka mlinzi akadhani naumwa. Watu walionunua na kuuza hapa hawakupitiwa. Waliamka asubuhi, wakapanga bei, wakafungua midomo ya watu wazima kukagua meno. Wala Wakristo tusijitoe, kwa maana Wafaransa waliolima Mauritius na Réunion katika karne ya 18 walinunua watu Kilwa na Zanzibar, nao walikuwa wamebatizwa. Mtu akiniambia kwamba hayo yote yaliandikwa na Mungu kama mwandishi anavyoandika hadithi, na kwamba wauzaji walikuwa kalamu tu mkononi mwake, basi wimbo wa maserafi unanikwama kooni, na siwezi kuitikia Mtakatifu nikiwa nimesimama juu ya sakafu ile. Na mtu akiniambia kwamba Mungu aliwaacha watu na uhuru wao akaenda zake, nitamwuliza mbona altare ipo hapa.

Tena kuna jambo katika historia ya visiwa hivi ambalo limenifundisha kuhusu utashi na neema kuliko vitabu vingi. Soko lilifungwa mwaka 1873, lakini watumwa hawakuwa huru. Walibaki mashambani na majumbani, na wengi wao walikuwa katika mikarafuu ya Pemba, ambayo thamani yake ilipanda baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja. Miti ambayo chini yake nilicheza utotoni ina historia hiyo. Ilipofika tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Seyyid Hamud alitoa amri ya kuiondoa hali ya utumwa kisheria, lakini hata hapo mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuudai uhuru wake, aoneshe mahali atakapokaa na njia atakayoishi nayo, asije akahesabiwa mzururaji. Na masuria walitengwa na amri ile mpaka mwaka 1909. Mtu aliyezaliwa chini ya bwana, asiye na shamba wala ukoo, aliambiwa kwamba mlango u wazi na kwamba kilichobaki ni yeye kutaka. Wengi hawakwenda. Sisemi kwamba walipenda utumwa. Nasema kwamba utumwa ulikuwa umeingia hata mahali ambapo kutaka huanzia.

Ndiyo sababu Bwana anaposema katika Injili ya Yohana kwamba kila atendaye dhambi ni mtumwa wa dhambi, sisi wa mji huu hatuna ruhusa ya kulisikia neno hilo kama pambo. Sheria inaweza kufunga soko. Amri inaweza kufungua mlango. Lakini yule aliye ndani anahitaji mtu wa kuingia alipo, amshike mkono, na kutembea naye hadi nje, bila kumburuta, kwa sababu kumburuta kungekuwa tu kubadilisha bwana. Paulo anawaandikia Wafilipi, "utimizeni wokovu wenu wenyewe kwa kuogopa na kutetemeka. Kwa maana ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu." Angalia kwamba hasemi Mungu anataka badala yetu. Kutaka kunabaki kuwa kwetu, na ni Mungu anayekutendea kazi.

Kwamba jambo hilo linawezekana, Kanisa lililipia kwa damu kulisema. Katika karne ya 7 wafalme wa Konstantinopoli walitaka amani katika himaya yao, na wakaunga mkono fundisho kwamba Kristo alikuwa na utashi mmoja tu, ule wa Kimungu. Mtawa mmoja jina lake Maximus, aliyeishi miaka mingi Afrika Kaskazini na ambaye mwaka 645 alijadiliana hadharani huko Karthago na Pyrrhus, aliyekuwa patriaki, yaani askofu mkuu, wa Konstantinopoli, alilikataa fundisho hilo. Hoja yake naieleza kwa maneno yangu: dhambi ilianzia katika kutaka kwa mwanadamu, basi kama Mwana wa Mungu alitwaa mwili wetu na akili zetu lakini akakuacha kutaka kwetu nje, mahali penyewe palipougua hapakuponywa. Walimkata ulimi na mkono wa kuume, akafa uhamishoni mwaka 662. Mtaguso uliokutana Konstantinopoli mwaka 680 na 681 ulikiri alichokuwa amekisema, kwamba katika Kristo zimo nia mbili, ya Kimungu na ya kibinadamu, zisizopingana.

Alikuwa akiisoma Gethsemane. "Si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe." Kwa Kiswahili kitenzi ni kilekile mara mbili, nitakavyo na utakavyo, na katikati yake kuna jasho. Pale bustanini kutaka kwa mwanadamu hakukufutwa wala hakukudanganywa. Kuliogopa mauti, kama kunavyopaswa kuogopa, na kukaitika. Ninaposhindwa kufahamu jinsi Mungu anavyoweza kuutenda kazi utashi wangu bila kuuvunja, ninarudi hapo, kwa kuwa hapo ndipo nauona utashi kama wangu ukiwa umetakata, na ukiwa bado ni wa mwanadamu.

Yoshua, katika sura ya 24, anawaambia Waisraeli wachague hivi leo watakayemtumikia, na aya hiyo tumeiandika kwenye vitambaa vya ukutani na kwenye mabasi. Wachache wanaendelea mpaka aya ya 19, pale watu wanapojibu kwa furaha kwamba watamtumikia Bwana, naye Yoshua anawakatiza: "Hamwezi kumtumikia Bwana; kwa kuwa yeye ni Mungu aliye mtakatifu." Chagueni, na hamwezi, kutoka kinywa kimoja, siku moja. Nimeiweka aya hiyo karibu nami kwa miaka mingi, na nadhani ndiyo iliyonitoa nyumbani mwaka jana, nilipopata habari kutoka kwa mjukuu wa jirani yetu wa zamani kwamba yule kijana wa karafuu yu hai na anaishi Mkokotoni.

Nilipanda daladala Darajani asubuhi. Njia nzima nilikuwa nikiyapanga maneno, na mara mbili nilijishika nikianza sentensi kwa kusema kwamba tulikuwa watoto. Nilimkuta amekaa chini ya mkungu, miguu imenyooka, akishona wavu uliochanika. Nywele zimekuwa nyeupe zote, lakini mabega ni yaleyale. Nikapiga hodi, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanitazama kwa muda. "Wewe mtoto wa mwalimu," akasema. "Wa Chake."

Nikamwambia, "Kaka, zile karafuu za Bibi zilizopungua nilizichukua mimi. Pishi moja. Hukuiba wewe, na nilijua hukuiba, nikanyamaza."

Aliendelea kupitisha sindano katika macho ya wavu. "Pishi mbili," akasema.

"Nakumbuka moja."

"Mbili, ndugu yangu. Mimi ndiye niliyezilipa, siwezi kuzisahau. Bibi alinikata moja, nikadhani imekwisha; kesho yake akapima tena, akanikata ya pili."

Nilisimama pale juani. Ikanijia polepole, kwanza kikapu, kisha jua likiwa upande mwingine wa ua kuliko nilivyozoea kulikumbuka, kisha yule mnunuzi akisema kwamba leo umerudi. Nilikuwa nimerudi. Kwa mama nilisema moja, kwa Bibi nilisema moja, na kwa padri niliyemwungamia nikiwa mtu mzima, nimepiga magoti, nilisema moja, na kila mara niliamini kwamba nasema kweli.

"Pishi mbili," nikasema. "Nilizichukua mimi, siku mbili."

Akaitika kwa kichwa, akauvuta wavu upande wake, na kwa mkono wake mwingine akasogeza jamvi ili nipate pa kukaa.